Bastola ya shabaha ya risasi moja aliyoiacha babu: nianzie wapi nikitaka kuwa mkusanyaji?

Mjukuu_wa_Muheza aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu nyote. Naomba msaada wa wenye ujuzi wa bastola za kale za mchezo wa kulenga shabaha, hasa zile zinazojazwa risasi moja tu kwa kila mlio.

Marehemu baba yangu alimiliki kwa leseni bastola ya aina hiyo, ambayo ilimfikia kutoka kwa babu. Babu alikuwa karani mkuu katika shamba la mkonge karibu na Muheza, naye aliachiwa na meneja wake, Mgiriki, aliyeondoka nchini baada ya Azimio la Arusha. Baba alipofariki hapa Dar es Salaam, kaka yangu aliipeleka kituo cha polisi mara baada ya matanga, akapewa hati ya makabidhiano, na hadi leo silaha iko mikononi mwa polisi. Nilichobaki nacho ni picha alizopiga baba, leseni zake za zamani, na daftari alimoandika vipimo vya bastola hiyo pamoja na maandishi yote aliyoyaona juu ya chuma.

Kwa mujibu wa daftari, mtutu una urefu wa sentimita 30 hivi. Nyuma una pande nane na kuanzia katikati ni wa mviringo. Hakuna silinda wala magazini. Chini ya kinga ya kifyatulio kuna wenzo ambao ukiuvuta, kizibo cha chuma kinachofunga nyuma ya mtutu hushuka, nawe unaingiza risasi kwa mkono na kuurudisha wenzo mahali pake. Mbali na kifyatulio cha kawaida kuna kijiwenzo kingine chembamba. Mpini ni wa mti wa jozi, umechongwa kufuata kiganja cha mkono wa kulia. Juu ya mtutu pameandikwa “Zella-Mehlis” na “22 lang für Büchsen”, na chini yake pana herufi B, U, G na N, kila moja ikiwa na taji juu yake, kisha tarakimu 6.28. Jina la kiwanda halipo.

Katika familia yetu husimuliwa kwamba iliachwa na ofisa wa Kijerumani wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Je, hilo linawezekana? Pili, jirani yetu ananishauri kwamba, pindi nitakapopata leseni, nimpelekee fundi mmoja wa Gerezani aing'arishe na kuipaka rangi nyeusi upya, kwa kuwa picha zinaonyesha chuma kimefifia na kuwa cha kahawia sehemu nyingi. Tatu, na hili ndilo lililonisukuma kuandika: tangu nianze kulisoma daftari la baba nimevutiwa mno na bastola za aina hii. Je, mtu wa kipato cha kawaida anayeishi Dar es Salaam anaweza kuwa mkusanyaji wake?

---

Mzee_wa_Upanga alijibu:

Mjukuu, pole kwa kufiwa na baba. Daftari lake ni hazina, na nitakuonyesha kwa nini, maana limejibu swali lako la kwanza kabla sijalijibu mimi.

Zella St. Blasii na Mehlis ilikuwa miji miwili jirani katika Thuringia, Ujerumani, na yote miwili iliishi kwa kazi ya kutengeneza silaha. Iliunganishwa kuwa mji mmoja wa Zella-Mehlis mwaka 1919. Kwa hiyo silaha yoyote yenye jina hilo lililounganishwa haikutengenezwa kabla ya mwaka huo. Sasa linganisha na historia yetu wenyewe: Waingereza waliingia Dar es Salaam mwezi Septemba 1916, na von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, aliweka silaha chini mwezi Novemba 1918 akiwa Abercorn, ambako leo ni Mbala nchini Zambia. Hakuna ofisa wa vita ile aliyeweza kubeba bastola yenye maandishi ya mji ambao ulikuwa bado haujapata jina hilo.

Herufi zenye mataji ni alama za ukaguzi wa serikali chini ya sheria ya Ujerumani ya mwaka 1891. B huonyesha kwamba mtutu ulijaribiwa kwa kufyatuliwa risasi yenye nguvu kupita kiasi. U, kwamba ulikaguliwa baada ya jaribio. G, kwamba una mifereji ndani. Na N, kwamba ulijaribiwa kwa baruti isiyo na moshi. Ingekuwa ya miaka ya vita ya pili, kuanzia mwaka 1940, ungeona tai mahali pa taji. Tarakimu 6.28, zikiwa pamoja na alama hizo, ni mwezi na mwaka wa ukaguzi, yaani Juni 1928.

Tukishakuwa na tarehe hiyo, simulizi ya familia inaweza kupangwa upya bila kutupwa yote. Wajerumani walifukuzwa Tanganyika baada ya vita, lakini kuanzia mwaka 1925 waliruhusiwa kurudi, na wengi wao walishika tena mashamba, ya mkonge na ya kahawa. Vita vya pili vilipoanza mwaka 1939 waliwekwa kizuizini, mali zao zikawa chini ya mwangalizi wa mali za adui, na baadaye mashamba mengi yakapata wenye wapya, Wagiriki wakiwemo. Bastola iliyokaguliwa Juni 1928, ikaja na mlowezi Mjerumani, ikabaki shambani mwaka 1939, ikamfikia meneja Mgiriki na hatimaye babu yako, ni njia inayoingia akilini. Nasema inaingia akilini, sisemi imethibitishwa. Ukitaka kuithibitisha, anza na jina la shamba na wenye shamba kabla ya 1939, ukitafuta katika Nyaraka za Taifa na katika magazeti ya zamani kama Tanganyika Standard, lililoanza kuchapishwa hapa Dar es Salaam mwaka 1930.

Kuhusu kiwanda, naomba uwe na subira. Katika miji hiyo alikuwepo Carl Walther, aliyeanza mwaka 1886, Anschütz, aliyeanza mwaka 1856, na Ernst Friedrich Büchel, ambaye bastola zake za shabaha zilisifiwa sana. Pamoja nao walikuwepo mafundi wadogo wengi waliouza kazi zao kwa wafanyabiashara bila kuweka jina. Wauzaji wa mtandaoni hupenda kuita kila kitu cha Zella-Mehlis “Walther” kwa sababu jina hilo huongeza bei. Wewe iite bastola ya shabaha ya Zella-Mehlis ya mwaka 1928, mtengenezaji hajatambuliwa, mpaka alama iliyofichwa chini ya mpini au juu ya kizibo iseme vinginevyo.

Mfumo unaoueleza, wa kizibo kinachoshuka kwa wenzo, ni wa ukoo wa Martini. Mmarekani Henry Peabody ndiye aliyebuni kizibo kinachoegemea pini ya nyuma, na Friedrich von Martini, aliyekuwa na kiwanda Uswisi, akaondoa nyundo ya nje na kuweka mtambo wote ndani. Waingereza waliuchukua kwa bunduki yao ya Martini-Henry ya mwaka 1871. Wajerumani na Waswisi waliupunguza wakauingiza katika bastola za shabaha, na sababu yao ilikuwa ya kiufundi kabisa. Mtutu umefungwa imara kwenye fremu na hausogei. Hakuna nafasi kati ya silinda na mtutu ambako gesi ingevuja. Na safari ya sindano ya kugongea ni fupi, kwa hiyo muda kati ya kufyatua na risasi kutoka ni mdogo sana, mkono haupati nafasi ya kuyumba. Kwa mtu anayelenga mita 50 kwa mkono mmoja ulionyooshwa, akitafuta duara la kati lenye kipenyo cha milimita 50, mambo hayo matatu yana thamani kuliko risasi kumi za akiba.

Kile kijiwenzo chembamba ndicho cha kuangaliwa kwa makini. Ni cha kutega kifyatulio. Ukishakitega, kifyatulio kikuu huachia kwa mguso wa gramu chache tu. Tafadhali, siku utakapopata nafasi ya kuzungumza na mtunza ghala la silaha, mweleze jambo hili kwa heshima: bastola ya aina hii isitegwe kamwe na mtu asiyeifahamu, na ichukuliwe kuwa imejaa mpaka wenzo uvutwe na chemba, yaani tundu la kuwekea risasi, ionekane tupu.

---

Wakili_Ilala alijibu:

Nitajibu upande wa sheria kwa ufupi, kwa kuwa Mzee amemaliza upande wa historia vizuri kuliko ambavyo ningeweza.

Kaka yako alifanya jambo sahihi. Leseni ya silaha ni ya mtu binafsi. Hairithiwi pamoja na nyumba na shamba. Silaha ni sehemu ya mirathi, lakini haki ya kukaa nayo inatoka kwenye leseni mpya kwa jina la mrithi, chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Kwa hiyo hakikisheni kwanza msimamizi wa mirathi ameteuliwa na mahakama, na bastola imeorodheshwa miongoni mwa mali za marehemu. Kusanyeni cheti cha kifo, muhtasari wa kikao cha familia unaokutaja wewe kuwa mpokeaji, leseni za zamani za baba, na karatasi za uhakiki wa silaha uliofanyika nchini mwaka 2016 kama marehemu alishiriki. Baada ya hapo ombi lako la leseni linaanzia serikali ya mtaa unaoishi na kupanda ngazi kwa ngazi kupitia kamati za ulinzi na usalama. Andika sababu ya kweli, kwamba ni urithi wa kihistoria wa familia na chombo cha mchezo wa shabaha. Usiandike kuwa ni ya kujilinda kwa kudhani sababu hiyo ina uzito zaidi.

Utasoma mahali pengi kwamba silaha iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla ya hapo haihitaji leseni. Hiyo ni sheria ya shirikisho ya Marekani ya mwaka 1968, na haina nguvu yoyote hapa kwetu. Silaha yoyote utakayotamani kuagiza kutoka nje, kibali kitangulie na malipo yafuate. Na mtu yeyote akikufuata akisema ana “bastola ya mkoloni” isiyo na karatasi, usiinunue na usiishike. Mwelekeze aisalimishe polisi. Serikali imekuwa ikitoa vipindi vya msamaha wa kusalimisha silaha kwa hiari katika miaka ya karibuni, na hiyo ndiyo njia yake ya kujiondoa salama.

Kuhusu yule fundi wa Gerezani, ukimkabidhi mtu asiye na leseni silaha yako akae nayo, hata kwa usafi tu, utakuwa umeiweka hatarini leseni uliyoihangaikia.

---

Mhifadhi_DSM alijibu:

Kaka Mjukuu, kazi yangu ni kuhifadhi vitu vya kale vya chuma na mbao, na nimeandika jibu hili kwa haraka kidogo kwa sababu neno “kung'arisha” limenistua. Tafadhali usimruhusu mtu yeyote aing'arishe. Hata kama sheria ingekuwa inaruhusu, ningekusihi vivyo hivyo.

Rangi ya kahawia unayoiona ni sehemu ya historia ya chuma hicho. Fundi atakapotumia mashine ya kung'arishia na msasa, kitu cha kwanza kuondoka ni kingo za zile pande nane, ambazo mtengenezaji alizinyoosha kwa tupa kwa mkono. Kitu cha pili ni zile alama za ukaguzi, ambazo zimechapwa juujuu tu, na Mzee amekuonyesha jinsi tarakimu tatu zilivyoweza kusahihisha simulizi ya vizazi vitatu. Zikifutika, bastola itabaki bubu. Wakusanyaji makini wanajua hili, na ndiyo maana bastola iliyofifia lakini haijaguswa hupata bei kubwa kuliko nyenzake iliyopakwa rangi mpya ikang'aa kama ya dukani.

Kinachotakiwa ni kuzuia kutu mpya, na hapo Dar es Salaam ina ugumu wake. Hewa yetu ni ya unyevu mwaka mzima, wakati wa masika inazidi, na karibu na bahari inabeba chumvi. Nimeona vitu vya chuma vya Masaki na Kigamboni vikiota kutu katika chumba ambacho mwenyewe aliamini kuwa kikavu, kwa sababu kiyoyozi kiliwashwa usiku na kuzimwa mchana, na kila mabadiliko ya joto yaliacha umande usioonekana juu ya chuma. Afadhali joto la kawaida lisilobadilika kuliko baridi ya saa chache.

Kosa kubwa zaidi ninalokutana nalo ni kuhifadhi bastola ndani ya mfuko wake wa ngozi au sanduku lenye kitambaa cha mahameli. Ngozi ina tindikali za kutengenezea na inanyonya unyevu. Mahameli nayo inakaa na maji kama sifongo. Sanduku la asili likipatikana litunzwe, tena kwa heshima, lakini kando. Bastola yenyewe ikae kwenye kabati la chuma la kufungwa, ambalo bila shaka polisi watataka kuliona, ikiwa na vifuko vya silika, vinavyonyonya unyevu, vinavyokaushwa mara kwa mara, na ikiwezekana kipimo kidogo cha unyevu.

Ushikapo chuma, vaa glavu za pamba. Jasho la kidole huacha chumvi, na katika hali yetu ya hewa alama ya kidole huweza kugeuka kutu baada ya muda mfupi. Sehemu za nje zipakwe nta laini ya kuhifadhia, ile iliyotengenezwa kwa ajili ya makumbusho katika miaka ya 1950, kisha zifutwe kwa kitambaa kikavu. Mafuta mepesi ya silaha yatumike ndani ya mtambo, tone moja moja, wala yasifike kwenye mpini, kwa sababu mti wa jozi ukishakunywa mafuta huwa mweusi na kulainika pale unapokutana na chuma. Mafuta ya kula, ambayo watu wengi huyapaka wakiamini ni salama, hukauka na kuwa gundi.

Siku utakapoweza kuikagua, tazama ndani ya mtutu kwa mwanga. Fataki za zamani, yaani viwashio vilivyomo ndani ya risasi, zilikuwa na klorati ya potasiamu, ambayo ikiungua huacha kloridi, yaani chumvi ya jamii ya ile ya jikoni. Chumvi hiyo huvuta maji kutoka hewani, na mafuta peke yake hayaiondoi. Huondolewa kwa maji, kisha chuma hukaushwa na kupakwa mafuta. Walioishi pwani na hawakulijua hilo waliharibu mitutu mingi mizuri. Ukiona vishimo vyeusi ndani, basi umeona matokeo ya hewa ya Tanga na fataki za wakati ule, na hakuna dawa ya kuvifuta. Mtutu uwe mbaya au mzuri, andika tu ulichokiona.

Jambo la mwisho kwa leo: usifyatue ikiwa tupu, hata mara moja, kwa kutaka kusikia mlio wake. Risasi ya .22 ina fataki ndani ya ukingo wa ganda, kwa hiyo sindano hugonga ukingoni. Ganda lisipokuwepo, sindano hugonga mdomo wa chemba na kuuacha na kovu ambalo baadaye litafanya maganda yakwame.

---

Mjukuu_wa_Muheza alijibu:

Nawashukuru sana. Mama amesoma jibu la Mzee mara mbili, na amesema shamba lile lilikuwa na nyumba iliyoitwa “kwa Mjerumani” hata miaka ya 1970, jambo ambalo hakuwahi kulihusisha na bastola. Dada Mhifadhi, wazo la Gerezani nimeliacha kabisa. Wakili, msimamizi wa mirathi ameshateuliwa. Bastola haikuorodheshwa, kwa hiyo tutaanzia hapo.

Mzee, naomba unisaidie lile swali la tatu. Kama ningetaka kuzifahamu bastola hizi kama mkusanyaji, ni zipi zinazostahili kusomwa, na je, kuna maana ya kukusanya ikiwa huenda nisipate leseni ya zaidi ya hii moja?

---

Mzee_wa_Upanga alijibu:

Kuna maana kubwa, na nitakuambia ninavyoamini baada ya kulifuatilia jambo hili kwa muda mrefu: mkusanyaji ni yule anayejua, na idadi ya silaha kabatini haimfanyi ajue zaidi.

Kwa ujumla, historia hii ina matawi matatu. La kwanza ni la Wafaransa. Louis-Nicolas Flobert alitengeneza mwaka 1845 risasi ndogo iliyosukumwa na fataki peke yake bila baruti, na kutokana nayo zikaja bastola za kulengea ndani ya ukumbi. Ni bastola nyepesi, nyingi hazina thamani kubwa, ila bila hizo kusingekuwa na risasi ya .22 tunayoijua leo.

La pili ni la Wamarekani, nalo limeandikwa sana kuliko mengine. Kiwanda cha Stevens cha Chicopee Falls, Massachusetts, kilitengeneza bastola ambazo mtutu wake huinuka nyuma ili kupokea risasi, kikazipa majina ya walengaji na wadau wa siku zile: Lord, Conlin, Gould. Smith & Wesson walianza kwa kuweka mtutu wa risasi moja juu ya fremu ya bastola yao ya silinda, na wakamalizia kwa modeli ya Straight Line, iliyouzwa kuanzia mwaka 1925 hadi 1936 ikiwa ndani ya kisanduku cha chuma pamoja na bisibisi na ufito wa kusafishia. Haikufika hata 2,000 kwa jumla, na leo kisanduku kile kikikosekana bei hushuka kwa kiasi cha kushangaza. Colt nao walitengeneza Camp Perry, iliyopewa jina la uwanja wa mashindano wa Ohio. Waliondoa silinda wakaweka bonge bapa lenye chemba moja tu. Mimi binafsi huiona kuwa kazi ya akili nyingi kwa faida ndogo, lakini ina wapenzi wake, na kwa kuwa zilitoka kama 2,500 tu, wapenzi hao hulipa.

Tawi la tatu ndilo lako, la Ulaya ya kati: Thuringia, kisha Hämmerli wa Lenzburg, Uswisi, waliochukua mfumo wa Martini na kuufikisha mbali sana, na baadaye Warusi wa Tula na bastola yao ya TOZ-35, iliyobuniwa na Khaidurov. Hizi ziliitwa bastola huru, kwa kuwa kanuni za shindano la mita 50 hazikuweka uzito wa chini wa kifyatulio, na mpini uliruhusiwa kuufunika mkono karibu wote. Shindano la bastola huru lilianza katika Olimpiki ya Athens mwaka 1896 kwa umbali wa mita 30, na la mita 50 likafuata Paris mwaka 1900. Bastola yako ni ya mwaka 1928, wakati ambapo shindano hilo lilikuwa nje ya Olimpiki. Liliporudi Berlin mwaka 1936, Torsten Ullman wa Uswidi alishinda kwa pointi 559 kati ya 600. Aleksandr Melentiev alifikisha 581 mjini Moscow mwaka 1980, na rekodi hiyo ilidumu hadi mwaka 2014, Jin Jong-oh wa Korea Kusini alipopata 583. Ukiangalia kwamba katika miaka 78 kati ya Ullman na Jin bastola yenyewe ilibaki kuwa mtutu mmoja, risasi moja na kifyatulio chepesi, utaelewa jinsi mafundi wa miaka ya 1920 walivyokuwa wamekaribia ukamilifu.

Baada ya Rio 2016 shindano la wanaume la mita 50 liliondolewa katika Olimpiki. Mimi lilinihuzunisha. Kwa mkusanyaji limeleta jambo moja la kuzingatia: bastola huru za miaka ya 1950 hadi 1990, ambazo zilikuwa vyombo vya kazi, zinaachwa na vilabu vya Ulaya, na huu ndio wakati zinapopoteza masanduku, vipuri na karatasi zake. Vitu hivyo vidogo ndivyo ambavyo mtu wa Dar es Salaam anaweza kuvikusanya. Katalogi za viwanda, karatasi za shabaha zilizotumika katika mashindano, maelekezo ya matumizi, picha za vilabu, matangazo ya magazetini: vyote hivyo ni karatasi, havihitaji leseni ya silaha, na vinakuja kwa posta. Ningeanza na katalogi za wauzaji wa Ujerumani wa miaka ya 1920 na 1930, ambazo nyingine zimechapishwa upya. Linganisha michoro yake na picha za baba yako, hasa umbo la wenzo, mkato wa kinga ya kifyatulio na nakshi za mpini. Mtengenezaji asiye na jina mara nyingi hutambulika kwa wenzo wake.

Usitawanyike. Chukua Zella-Mehlis na mji jirani wa Suhl kati ya mwaka 1919 na 1939, na silaha za michezo zilizofika Afrika Mashariki katika miaka hiyo. Hapo sijaona aliyeandika kwa Kiswahili, na ungefanya kazi ya maana.

---

Mlengaji_Mbezi alijibu:

Shikamoo Mzee. Nakubaliana na karibu yote, isipokuwa naona mjadala umeegemea upande wa kabati mno. Bastola hii ilitengenezwa ilenge. Uzito wake unavyokaa mbele ya mkono, mpini unavyokifunga kiganja, kifyatulio kinavyoachia kabla akili haijajua, hayo hayapatikani kwenye katalogi. Risasi ya .22 Long Rifle, ndiyo ile “22 lang für Büchsen”, bado inatengenezwa kila siku, na alama ya N inaonyesha mtutu ulijaribiwa kwa baruti isiyo na moshi. Leseni ikipatikana, na ikikaguliwa na fundi wa silaha mwenye leseni, kwa nini Mjukuu asiifyatue mara chache katika uwanja ulioidhinishwa? Baba yake na babu yake huenda walifanya hivyo.

---

Mhifadhi_DSM alijibu:

Ndugu Mlengaji, hoja yako ina uzito na sitaipinga yote. Naomba tu iongezwe tahadhari mbili. Risasi za .22 za mwendo wa kasi zilianza kuuzwa na Remington mwaka 1930, yaani bastola hii ilikaguliwa kabla ya risasi hizo kuwepo sokoni. Ikiwa itafyatuliwa, iwe kwa risasi za shabaha za mwendo wa kawaida pekee. Tahadhari ya pili ni mtambo wa kutegea. Vipande vyake ni vyembamba, vimesuguana kwa takriban miaka mia moja, na ukingo mmoja ukilika bastola inaweza kufyatuka wakati wenzo unafungwa. Ukaguzi wa fundi uanzie hapo, kabla hata ya mtutu, na akisema hapana, iwe hapana.

Kaka Mjukuu, kwa sasa ombeni kwa barua, kupitia msimamizi wa mirathi, ruhusa ya kuikagua na kuipiga picha hapo ilipo mbele ya ofisa mhusika. Ofisa mwenyewe ndiye auvute wenzo na kuonyesha chemba tupu. Piga picha kwa mwanga wa dirishani bila kuwasha taa ya kamera, kwa sababu mwanga mkali wa mbele hufuta michapo. Weka rula kando ya bastola katika kila picha. Piga upande wa kushoto, wa kulia, juu, chini, kisha kila alama peke yake kwa karibu, pamoja na namba ya silaha kila mahali inapojirudia. Namba za mtutu, kizibo na fremu zikilingana, ziandike hivyo katika ombi la leseni na katika daftari la baba, ukurasa unaofuata alipoishia. Kama kuna kutu mbichi ya rangi ya chungwa, usiikwangue. Muombe ofisa akuruhusu kuifuta kwa kitambaa chenye mafuta mepesi, na umwachie vifuko vichache vya silika vya kuweka kando yake. Masika ikianza ombi likiwa bado linazunguka kwenye kamati, vifuko hivyo vitakuwa vimefanya kazi kubwa.